Kuonya na Kuonyesha: Maiti, Sitara na Haki ya Kutazama

Utangulizi

Mkongani ni mji mdogo wa Kaunti ya Kwale, upande wa Matuga, jirani na misitu ya Shimba. Wakazi wake wengi ni Wadigo na Waduruma, na humo Waislamu, Wakristo na wale wanaoshika mila za wazee huzika wafu wao katika ardhi moja. Anapofariki Mwislamu mahali kama hapa, huoshwa nyuma ya pazia, hutiwa sanda, huswaliwa na hulazwa katika mwanandani, ikiwezekana siku hiyohiyo. Akiwa ni mwanamke, nguo hutandazwa juu ya kaburi wakati wa kumteremsha, ili hata umbo lake ndani ya sanda lisionwe na wasiohusika. Kila hatua ya mazishi ni hatua ya kufunika.

Mwaka 1997, katika jumba la makumbusho la Mannheim, Ujerumani, maelfu ya watu walipanga foleni kutazama kinyume cha mambo hayo. Mwanaanatomia Gunther von Hagens alikuwa amebuni, mwaka 1977 huko Heidelberg, mbinu ya plastinesheni, ambayo huondoa maji na mafuta katika tishu za mwili na kuyabadilisha kwa plastiki ngumu. Maiti aliyetengenezwa hivyo haozi, hanuki, na anaweza kusimamishwa apendavyo mtengenezaji. Maonyesho hayo yalikuwa yameanzia Japani mwaka 1995. Tangu hapo yameizunguka dunia, na waandaaji wake wanahesabu watazamaji zaidi ya milioni 50. Ngozi huchunwa, misuli huachwa wazi, na maiti huwekwa katika mkao wa mtu anayekimbia, anayecheza sataranji au aliyepanda farasi. Lengo linalotajwa ni elimu: umma ujue mwili ulivyo.

Makala haya yanachunguza suala la kimaadili linalozuka baina ya pazia la Mkongani na jukwaa la Mannheim. Je, elimu inatosha kuhalalisha kuonyeshwa hadharani kwa mwili wa binadamu aliyekufa? Suala hili lina nafasi katika jarida la uhakiki wa fasihi kwa sababu mbili. Kwanza, kuonyesha ni namna ya kusimulia, na maiti aliyewekwa katika mkao fulani amepewa kisa ambacho hakukitunga. Pili, Kiswahili na fasihi yake vimekwisha kulitafakari jambo hili kwa kina kabla ya plastinesheni kubuniwa.

Hoja ya elimu

Si haki kuikataa hoja ya elimu kabla ya kuipa nguvu zake zote. Kwa karne nyingi elimu ya mwili ilikuwa siri ya wachache. Daktari aliujua mwili. Mgonjwa aliubeba tu bila kuujua. Mtu wa kawaida hajui ini lake liko upande gani, wala hajui moshi wa sigara umelifanya nini pafu lake, mpaka siku anapoambiwa kwamba muda umekwisha. Maonyesho ya hadhara, wasema watetezi wake, yanavunja ukuta huo. Yanampa mkulima, mvuvi na mwanafunzi kile ambacho zamani kilikuwa cha shule ya tiba pekee. Aidha, anayeliona pafu jeusi la mvutaji hupata onyo ambalo vitabu havijui kulitoa.

Hoja hii haiwezi kupuuzwa, hasa katika sehemu ambazo vifaa vya kufundishia ni haba. Mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi ya Kwale anayefundisha mzunguko wa damu kwa mchoro wa chaki ana haki ya kutamani kitu bora zaidi. Tena si kweli kwamba utamaduni wa pwani unakataa maiti asionwe kabisa. Muosha humwona. Daktari humwona. Mwanafunzi wa tiba, anayejiandaa kuwahudumia wagonjwa wa Msambweni au Kwale, hana budi kuujua mwili kwa mikono na macho yake. Kwa hiyo swali halihusu kama maiti aonwe au asionwe. Linahusu ni nani amwone, kwa sharti gani, na kwa faida ya nani.

Hata hivyo, hoja ya elimu ina tundu moja ambalo watetezi wake hawaliangalii sana. Ikiwa kinachotafutwa ni maarifa ya mahali pa ini na umbo la moyo, sanamu ya plasta au ya plastiki inatosha, nayo haimdhulumu mtu. Watazamaji lakini hawapangi foleni kuona sanamu. Wanapanga foleni kwa kuwa wameambiwa kwamba hawa ni watu wa kweli. Kile kinachouzwa mlangoni, zaidi ya maarifa ambayo sanamu ingeyatoa, ni ule ukweli kwamba aliye mbele ya mtazamaji aliwahi kuishi na sasa amekufa. Kwa maneno mengine, ziada inayolipiwa ni kifo chenyewe. Mtetezi anaweza kujibu kwamba ukweli huo ndio unaoshawishi, na kwamba pafu la kweli linaonya kuliko pafu la plasta. Jibu hilo ni zito, lakini linahamisha mjadala kutoka katika kuonyesha na kuupeleka katika kuonya. Mambo hayo mawili, ingawa yana shina moja, hayana maadili mamoja.

Ushahidi wa lugha

Kitenzi "ona" kimezaa katika Kiswahili "onya" na "onyesha". Kuonya ni kumfanya mtu aone hatari inayomhusu. Kuonyesha ni kuweka kitu mbele ya macho yake. Anayeonya ana uhusiano na anayeonywa: ni mzazi kwa mwana, mwalimu kwa mwanafunzi, rafiki kwa rafiki. Onyo linamrudia msikilizaji na kumtaka abadilike. Onyesho halina sharti hilo. Mtazamaji anaweza kulitazama, akastaajabu, akatoka, akanunua kinywaji. Hivyo basi, anayedai kwamba maonyesho yake yanaonya amejitwika wajibu wa uhusiano, naye anapaswa kuulizwa: ni nani anayeonya hapa? Je, ni maiti mwenyewe, aliyeamua kwa hiari yake kwamba pafu lake liwe funzo? Au ni mwenye maonyesho, anayetumia kinywa cha mtu asiyeweza kukataa?

Ushahidi wa pili umo katika upatanisho wa kisarufi. Kwa wasemaji wengi, maiti hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai: maiti huyu amezikwa, maiti wale wametambuliwa. Mwili ni "huu", fuvu ni "hili", kielelezo ni "hiki", bali maiti ni "huyu". Mnyama aliyekufa ni mzoga, na kumwita binadamu mzoga ni tusi linaloweza kuleta ugomvi mazishini. Marehemu naye, kwa asili ya neno lenyewe la Kiarabu, ni aliyerehemiwa. Jina lake linamweka chini ya rehema, wala halimwachi peke yake. Sarufi si sheria ya maadili, na lugha nyingine zina mipangilio yake. Lakini sarufi huonyesha mahali ambapo jamii imezoea kuuweka mpaka. Msemaji wa Kiswahili anapomwita maiti "huyu" kisha akalazimika kumwita "kielelezo hiki", anavuka mpaka huo kwa ulimi wake mwenyewe, na inafaa ajue kwamba amevuka.

Neno la tatu ni sitara. Kusitiri ni kufunika, lakini si kila kufunika ni kusitiri. Mwizi hufunika alichoiba, naye hasitiri. Kusitiri ni kufunika kwa ajili ya hadhi ya anayefunikwa. Ndiyo maana sitara huombewa mtu hai na kutendewa mfu. Hai anaweza kujisitiri, akavuta nguo au akafunga mlango. Mfu hawezi. Sitara yake imo mikononi mwa wengine, na kwa sababu hiyo ni deni.

Kuona kwa amana

Katika simulizi ya Kurani kuhusu wana wawili wa Adamu, muuaji hakujua la kuufanyia mwili wa nduguye mpaka Mungu alipomleta kunguru akifukua ardhi, ili amwonyeshe namna ya kumsitiri. Simulizi hii inafaa kusomwa kwa makini na mhakiki. Somo la kwanza la binadamu juu ya maiti lilikuwa onyesho, na lililoonyeshwa ni kufunika. Aliyeonyeshwa alijuta. Elimu ya mwili na aibu ya kuua zilizaliwa pamoja, na kaburi la kwanza lilichimbwa na mwanafunzi.

Muosha maiti ni mrithi wa mwanafunzi huyo. Yeye huona yale ambayo hata jamaa hawayaoni: kovu, kilema, dalili ya ugonjwa, pengine dalili ya dhuluma. Mafundisho ya Kiislamu humtaka ayafiche mabaya aliyoyaona, na yapo mapokeo ya Mtume yanayolinganisha kuuvunja mfupa wa mfu na kuuvunja wa aliye hai. Muosha basi huona kwa amana. Kuona kwake kuna mipaka ya mahali, wakati, kazi na ulimi. Akitoka akasimulia barazani, ameivunja amana hata kama hakusema uongo.

Mwanafunzi wa tiba anaweza kuingizwa katika kundi hilohilo. Chumba cha anatomia kina mlango, na mlango una sharti. Anayeingia anakata mwili ili kesho aponye mwili mwingine, na mkono wake unafungwa na kiapo cha taaluma. Mtazamaji wa maonyesho hana lolote kati ya hayo. Hakupewa kazi, hakuapa, hatadaiwa. Anayo tikiti tu. Tofauti hii ya nafasi ndiyo kiini cha suala, na inadhihirika zaidi katika tukio la London la tarehe 20 Novemba 2002, von Hagens alipompasua maiti mbele ya hadhara iliyolipa kiingilio, na picha zake zikarushwa katika televisheni ya Uingereza. Alitaka kuwarejeshea watu wa kawaida jumba la anatomia la zamani, lile la akina Rembrandt. Mchoro maarufu wa Rembrandt wa mwaka 1632 unamwonyesha Daktari Tulp akifundisha anatomia, na jina la daktari limo hata katika anwani ya mchoro. Aliyelala mezani ni mwizi aliyenyongwa. Mwizi huyo hakuulizwa kama angependa kuwa somo.

Asiyedaiwa

Hapa ndipo historia ya anatomia inapokutana na historia ya umaskini. Mwaka 1828 mjini Edinburgh, Burke na Hare waliwaua watu 16 na kuziuza maiti zao kwa mwalimu wa anatomia. Uingereza ilijibu kwa Sheria ya Anatomia ya mwaka 1832, iliyowapa walimu hao miili isiyodaiwa ya maskini waliofia katika nyumba za mafukara. Biashara ya wauaji ilikoma. Kanuni ya kwamba mwili wa asiye na jamaa ni mali ya elimu ikabaki. Kanuni hiyo ilisafiri mbali. Nchini Kenya, uchunguzi wa maiti katika shule za tiba unasimamiwa na Sheria ya Anatomia, Sura ya 249, na kwa miaka mingi maiti wasiodaiwa wamekuwa chanzo kikuu cha miili ya kufundishia.

Asiyedaiwa ni nani? Ni kijana aliyetoka kijijini kwenda kutafuta kazi mjini, akagongwa na gari bila kitambulisho mfukoni. Ni mzee ambaye jamaa zake hawana nauli, au hawana fedha za kulipia mochari. Kutodaiwa si sawa na kutotakiwa. Mara nyingi ni jina lingine la kutojulikana au kukosa uwezo. Kesi ya wakili S. M. Otieno inaonyesha upande wa pili wa sarafu hiyo. Alifariki Desemba 1986, na mjane wake na ukoo wake wakashindania haki ya kumzika mpaka Mei 1987, Mahakama ya Rufani ilipoamua azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti mmoja aligombaniwa kwa miezi mitano mbele ya taifa zima. Wengine, katika taifa hilohilo, hawaulizwi hata jina. Tofauti baina yao haikuwa ya utu. Ilikuwa ya kujulikana.

Maonyesho ya kimataifa nayo yameangukia shimo hilohilo. Von Hagens ana orodha ya watu waliojitolea kwa maandishi wakiwa hai, na hilo linastahili kutambuliwa. Lakini mwaka 2004, baada ya magazeti ya Ujerumani kuandika juu ya maiti wenye majeraha ya risasi, alirudisha China miili saba. Kampuni nyingine ya Marekani, iliyoandaa maonyesho yanayofanana na yake, ilitumia maiti wa China waliotajwa kuwa hawakudaiwa. Mwaka 2008 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York aliilazimisha iwatangazie watazamaji kwamba haiwezi kuthibitisha kwamba maiti hao hawakuwa wafungwa walionyongwa au kuuawa gerezani. Watu walikuwa wamekwisha kulipa, kutazama na kuelimika. Elimu yao sasa ilikuwa na swali ndani yake ambalo haliwezi kutolewa.

Fuvu na kigango

Afrika Mashariki haikungoja plastinesheni ili ijue kuonyeshwa. Chini ya ukoloni wa Kijerumani, mafuvu yalikusanywa kwa maelfu kwa ajili ya elimu ya "rangi za watu", elimu ambayo leo inatambuliwa kuwa ya uongo. Mtemi Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu lake, nalo likarudi mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulichagua katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo. Mjini Berlin, watafiti walichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Rwanda, Tanzania na Kenya, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliwapata jamaa walio hai wa baadhi yao nchini Tanzania. Wale ambao kwa zaidi ya karne moja walikuwa namba rafuni wakawa tena babu za watu.

Fuvu la Mkwawa linaleta tatizo ambalo uaminifu wa kihakiki hauruhusu kulikwepa. Liliporudi Kalenga halikuzikwa. Limewekwa katika makumbusho, ndani ya kisanduku cha kioo, na wageni hulitazama. Je, Wahehe wametenda kosa lilelile la Bremen? Kwa nje tendo ni moja: kioo, fuvu, jicho la mgeni. Kwa ndani hali ni tofauti. Bremen fuvu lilikuwa mfano wa aina ya watu; Kalenga ni mtu mmoja mwenye jina, miongoni mwa watu wake, katika ngome yake ya zamani. Anayelitazama huko anaambiwa huyu ni nani, alitenda nini, na ni nani aliyemkata kichwa. Kuonyeshwa kwake ni sehemu ya kudaiwa kwake. Hili linathibitisha kwamba kioo chenyewe si dhambi. Dhambi ni kumtenga aliyekufa na jina lake pamoja na wale wanaoweza kumjibia.

Pwani ya Kenya ina mfano ulio karibu zaidi, nao unaligeuza suala juu chini. Miongoni mwa Wamijikenda, hasa Wagiriama na jirani zao wa kaskazini ya Mombasa, mzee wa chama cha gohu akifariki huchongewa kigango, nguzo ya mti mgumu yenye umbo la mtu, ili roho yake ipate makao na ukoo uendelee kuishi naye. Kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 20 vigango viliibwa kwa wingi na kuuzwa kama sanaa. Utafiti wa Monica Udvardy, Linda Giles na John Mitsanze, uliochapishwa mwaka 2003, ulivihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, navyo viliwasili Kenya mwaka 2019.

Kigango ni mti, lakini kwa wenyewe hakiwi mti tu. Ni koma, ni mzee aliye nyumbani. Katika jumba la Marekani, mti uliokuwa mtu uligeuzwa kitu. Katika jumba la Mannheim, mtu aligeuzwa kitu cha plastiki. Njia zinapishana, mwisho ni mmoja. Anayesema kwamba maiti aliyeondolewa maji na mafuta si mtu tena, bali ni kifaa, angelazimika kusema pia kwamba kigango ni gogo. Familia zilizokuta shimo mahali pa kigango cha baba yao hazikuona kwamba zimepoteza gogo. Hadhi ya mfu haitegemei kile kilichobaki kimetengenezwa kwa nini. Inategemea uhusiano unaodumu baina yake na waliobaki.

Msitu wa Kaya Kinondo, karibu na Diani, unatoa funzo la ziada. Kaya hiyo ya Wadigo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO ya mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, zikiwemo kaya za Waduruma. Wageni huruhusiwa kuingia, lakini hujifunga kitambaa cheusi, huongozwa na mwenyeji, hawachukui hata jani, na wapo mahali pasipofikiwa. Wazee hawakukataa kutazamwa. Wameweka sharti kwamba mtazamaji naye afunikwe. Katika maonyesho ya maiti, aliyevuliwa ni mmoja tu.

Ridhaa na deni

Lipo pingamizi linalohitaji jibu la moja kwa moja. Tuseme maiti wote wametoa ridhaa ya maandishi; hakuna mfungwa, hakuna asiyedaiwa. Je, kosa linabaki? Mwanamke wa Heidelberg aliyeandika kwamba anataka mwili wake uwaelimishe watu amefanya tendo la ukarimu, na haitakuwa haki kwa msomaji wa Mkongani kumhukumu kwa desturi ambayo si yake. Kwa upande wa dhuluma, ridhaa hiyo inatosha. Aliyejitolea hakuibwa.

Hata hivyo, ridhaa humsafisha mchukuaji; haimwondolei mtazamaji deni lake. Mtu anaweza kuutoa mwili wake, lakini hawezi kuiamua roho ya macho yatakayomtazama. Tena ridhaa ya kuelimisha si lazima iwe ridhaa ya kuchezeshwa. Mkao wa farasi na sataranji hauongezi elimu ya misuli kwa kiasi kinacholingana na mzaha wake. Fasihi ina mbinu ya tashihisi, ya kukipa uhai kisicho hai. Mkao huo ni tashihisi ya ajabu: mtu aliyekuwa hai anaigizishwa uhai na mwingine. Na waandaaji, kwa kuficha majina ya waliojitolea kwa nia ya kuwalinda, wanabakisha umbo bila mtu. Sitara ya kweli hufunika mwili na kulitunza jina. Onyesho hufunua mwili na kulifuta jina.

Msiba wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, unatoa kipimo cha mwisho. Tangu Aprili 2023 zaidi ya maiti 400 walifukuliwa katika msitu huo. Wataalamu waliwafunua, wakawapasua, wakachukua vinasaba vyao. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeliita jambo hilo kukosa sitara, kwa kuwa walifunuliwa ili warudishiwe majina, na ili wazikwe na watu wao. Wa kwanza walikabidhiwa kwa jamaa Machi 2024. Kufunua kunaweza kuwa njia ndefu ya kusitiri.

Funzo la Al-Inkishafi

Utendi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, unabeba suala hili katika jina lake. Inkishafi ni kufunuka, kuondolewa pazia. Kwa maana hiyo utendi huu nao ni onyesho la kifo kwa ajili ya mafunzo. Mshairi anaongoza macho katika majumba ya Pate yaliyokuwa na taa, sahani za thamani na watu wa fahari. Sasa popo na wadudu ndio wenyeji, na wenye nyumba wamo katika finyu ya kaburi, miili yao ikiliwa. Hakuna ulaini katika picha hizo. Msomaji anaoneshwa kuoza bila kubembelezwa.

Tofauti na Mannheim ni kwamba anayeambiwa ni moyo wa mshairi mwenyewe. Hamnyooshei mtu kidole kutoka mahali salama, anajionya. Hakuna kaburi lililofukuliwa ili ubeti uandikwe. Maneno yamefunua kile ambacho mikono imekiacha kimefunikwa. Aidha, mwili wa Al-Inkishafi unaoza, na katika kuoza kwake ndimo onyo lilimo. Mwili wa plastinesheni hauozi. Unamwahidi mtazamaji, bila kusema, kwamba kifo kinaweza kusafishwa harufu na kusimamishwa wima. Kwa hiyo onyesho linalodai kuukaribia ukweli wa kifo limeuondoa ukweli wake mkubwa.

Ni kweli kwamba utendi haufundishi mahali pa ini. Hautakiwi. Kila elimu ina chombo chake. Mahali pa ini pafundishwe kwa sanamu na michoro kwa wote, na kwa miili ya waliojitolea kwa wale watakaobeba amana ya tiba. Maana ya kufa ifundishwe kwa mazishi, kwa utendi na kwa kukumbuka. Maonyesho ya hadhara yanachanganya elimu hizo mbili, na kila moja inampa nyingine kisingizio. Anatomia inasema inatufundisha kufa. Kifo kinasema kinatufundisha anatomia. Na mlangoni tikiti inaendelea kuuzwa.

Hitimisho

Makala haya hayakudai kwamba mwili wa mfu usionwe kamwe, wala kwamba sayansi ya tiba ingoje nje ya pazia. Yamedai kwamba kuona kuna maadili yake. Aonaye lazima awe na kazi inayomfunga, aonwaye awe ameridhia, jina lake litunzwe na watu wa kumjibia, na mwisho wa kufunuliwa uwe ni kufunikwa. Kwa kipimo hicho, muosha wa Mkongani, mwanafunzi wa tiba mbele ya mwili wa aliyejitolea, na mtaalamu wa Shakahola wamo upande mmoja. Bremen na jukwaa la wasiodaiwa wamo upande mwingine. Maonyesho ya waliojitolea kwa hiari yako katikati: hayana dhuluma, lakini yanamwacha mtazamaji bila amana.

Suala linalobaki nchini Kenya halihusu majumba ya Ulaya. Linahusu rafu za mochari za hapa nyumbani. Maadamu sheria inauhesabu mwili usiodaiwa kuwa mwili usio na mwenyewe, maskini ataendelea kufundisha bila kuajiriwa na kuonwa bila kuulizwa. Sheria inayosimama juu ya ridhaa, na wajibu wa shule za tiba kuwazika kwa majina yao wale waliowafundisha, ni mambo yanayowezekana. Kunguru alimfundisha mwanadamu kazi hiyo siku ya maiti wa kwanza, na aliyefundishwa alikuwa na hatia. Kila anayejifunza kutoka kwa maiti anarithi somo lote, pamoja na sehemu yake ya mwisho, ambayo ni kufukia.